Usiku wa Thelathini wa Bi Arvilla

Jumanne ya tarehe tatu Oktoba, saa kumi kasorobo alasiri, Nova Tallent alikuwa anatandika kitanda katika nyumba yake ndogo ya kupangisha, ile iliyo juu ya ziwa. Alilivuta shuka pembe kwa pembe kama mtu anayefunga mzigo kwenye keria. Alikuwa ameshaweka taulo nne, sabuni mbili na pakiti ya kahawa. Karibu na mlango kulikuwa na kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyeupe: Kuingia saa kumi jioni. Kutoka saa tano asubuhi. Viatu vya matope vibaki barazani.

Nje, bibi yake alikuwa ameshafika. Bi Arvilla alisimama kwenye ngazi ya chini, mkono mmoja sanduku la ngozi, mkono wa pili chupa pana ya kioo, maji yakimchuruzika kutoka kwenye upindo wa gauni. Hakubisha hodi. Kibao kilisema saa kumi, na yeye hakuwa mtu wa kuingia kwa watu kabla ya saa. Nova alimwona kupitia dirisha na hakumfungulia. Alikuwa ameendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kufungua mlango wa basi kabla ya wakati wake, hata mvua ya mawe ikinyesha. Wanawake wa ukoo ule walikuwa hivyo.

Saa kumi kamili mlango ukagongwa.

"Karibu, Bibi. Si nilikupa namba za kufuli?"

"Mlango si redio, mjukuu wangu. Sibonyezi."

Bi Arvilla alivua viatu, akamtoa samaki mdogo kwenye mfuko wa aproni, akamtia katika ndoo iliyowekwa pale kwa kazi hiyo. Kisha akaweka chupa mezani. Ilikuwa asali ya mtama, ile inayochemshwa kutoka kwenye maji ya mabua, nzito na nyeusi, mfuniko umefungwa kwa kitambaa cha maua. Hayo ndiyo yalikuwa malipo yake. Mwaka wa kwanza Nova alimwambia alale bure, ni nyumba ya mjukuu wake. Bi Arvilla akajibu kwamba wanaolala bure ni paka, akashika sanduku lake na kugeuka. Tangu hapo Nova alipokea chupa na kuandika katika daftari la wageni kama anavyoandika kwa kila mtu: jina, tarehe, idadi ya usiku, malipo.

Bi Arvilla alikuwa amefariki mwaka 1961, katika chumba cha kupanga, kwenye mji wa viwanda vya nguo ulio mbali na huku. Lakini kwao kulikuwa Tolliver, na Tolliver ilikuwa chini ya ziwa. Kampuni ya bwawa ilifunga mto mwaka 1943, maji yakapanda juu ya nyumba sitini, kanisa, kinu na duka. Watu wa Tolliver walikwenda kufia huku na huko, kila mmoja alikopata kazi, na baada ya kufa walirudi nyumbani. Walikuwa kule chini, wanalima mtama, wanafuga, wanagombana kuhusu mipaka. Kila mwaka ifikapo Oktoba kampuni hupunguza maji ili kuacha nafasi ya mvua za masika, barabara ya zamani hujitokeza kwenye matope, na anayetaka kupanda juu hupanda. Wengi hawakutaka. Bi Arvilla alianza kupanda mwaka ule Nova alipotundika kibao cha kwamba nyumba inapangishwa. Huu ulikuwa mwaka wake wa tano.

Majirani walizoea. Walichokilalamikia ni utelezi kwenye njia tu.

Mwezi mmoja kabla, mnamo Septemba, barua ilikuwa imetoka ofisi ya kodi ya jimbo. Ilikuwa na adabu. Ilisema kwamba wamelinganisha orodha ya wageni walioletwa na mtandao wa kuwekea nafasi na daftari ambalo Bi Tallent mwenyewe aliambatanisha alipohuisha leseni, wakaona mgeni mmoja aliyelala mara nne bila kupitia mtandao na bila kulipiwa ushuru. Walimwomba afafanue. Waliambatanisha fomu na kijitabu cha kurasa arobaini na moja.

Nova alikisoma kijitabu wiki tatu, penseli mkononi, mezani pale pale anapokata viazi. Wenye nyumba wenzake katika wilaya nzima walikuwa hawajawahi kukifungua, walikuwa wanakiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Yeye alikisoma kama alivyokuwa akisoma njia mpya ya basi, kona kwa kona. Ushuru wa malazi, kadiri alivyouelewa, ulikuwa mnyama mwenye midomo miwili, mmoja wa jimbo na mmoja wa wilaya, na kila mdomo ulikuwa na tarehe yake ya kula. Mgeni akija kwa mtandao, mtandao wenyewe unalisha midomo yote miwili, na mwenye nyumba anajisahau, anadhani mnyama ameshiba daima. Lakini mgeni akija kwa miguu yake na kubisha hodi, wa kulisha ni mwenye nyumba. Ada ya usafi nayo inatozwa. Ada ya mbwa inatozwa. Malipo si lazima yawe pesa, kitu chochote chenye thamani kinahesabika. Hapo pembeni Nova aliandika kwa penseli: asali.

Yote hayo aliyakubali. Alitafuta bei ya chupa moja kwenye mnada wa kanisa, akapiga hesabu, na hesabu haikumuumiza. Ilikuwa pesa ya kununulia dumu la rangi. Kilichomkwamisha kilikuwa ukurasa wa kumi na saba na mstari wa nne wa fomu. Ukurasa wa kumi na saba ulisema: Mpitaji ni mtu yeyote anayelala pungufu ya usiku thelathini mfululizo. Mstari wa nne ulisema: Majina ya wapitaji. Chini yake palikuwa na mahali pa kuapa na kutia saini.

Nova aliweka penseli chini.

Mwaka 1943, hati za ardhi za Tolliver zilikuwa zimeshaungua siku nyingi pamoja na jengo la mahakama, na kampuni ya bwawa iliwaandika watu wote wa bonde kuwa wakaaji wa muda. Mwenye shamba hulipwa shamba. Mkaaji wa muda hulipwa uzio na miti ya matunda. Bi Arvilla alizaliwa Tolliver, na mama yake, na mama wa mama yake. Alilipwa miti kumi na minne ya tofaa na uzio, na nusu ya uzio walisema umeoza. Jambo hilo Nova alilisikia akiwa na miaka minne, amekaa chini ya meza, na alilisikia tena kila Jumapili hadi bibi yake alipofariki.

Kwa hiyo aliiandikia ofisi ya kodi barua ya mistari mitatu. Fedha yenu nitawaletea. Jina la bibi yangu haliingii kwenye mstari wa nne. Ameshawahi kuandikwa hivyo mara moja.

Mkaguzi alifika Jumanne ya tarehe ishirini na nne Oktoba, saa nne asubuhi, baada ya mwendo wa saa nne kutoka mji mkuu. Aliitwa Garland Fisk. Alikuwa kijana mrefu mwenye tai nyembamba na begi zito kuliko yeye. Bi Arvilla alikuwa barazani anamenya maharage, dimbwi limemzunguka kiti. Bwana Fisk aliruka dimbwi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huko kwenu kodi wanakula peke yao?"

"Nimezaliwa hivi, bibi."

Alikaa mezani na Nova, akala kipande cha mkate wa mahindi alichopewa, akafungua daftari la wageni.

"Mgeni mwenyewe ndiye yule?"

"Yule ni bibi yangu."

"Alifariki mwaka gani?"

"Sitini na moja."

Bwana Fisk aliandika. Kisha akatoa orodha na kuipitisha kidole. "Wanaosamehewa ushuru ni mabalozi. Wanajeshi walio safarini kikazi. Watoto wa kambi za kanisa. Marehemu hawamo, Bi Tallent. Nimeitazama mara mbili kabla sijaja."

"Kwani kuna marehemu wengine wanaolipa?"

"Wachache. Kuna mzee mmoja upande wa mashariki anaupangishia ukungu. Yeye tulimwachia, kwa sababu ukungu haulali, unapitiliza. Lakini bibi yako analala. Kitanda kimebonyea, nimekiona."

"Mimi sikatai kulipa. Nakataa neno."

"Neno ndilo fomu yenyewe, mama. Pesa bila neno mashine haiipokei."

Alirudi kwenye daftari na kulitazama kwa muda. Akahesabu kwa kidole, midomo ikicheza. "Kuna njia moja. Akilala usiku thelathini mfululizo anakuwa mkazi wa kudumu wa nyumba hii. Mkazi hatozwi, na haandikwi mstari wa nne. Tena anapata cheti." Akainua macho. "Ila huyu mwaka wa kwanza amelala usiku ishirini na tisa. Mwaka wa pili ishirini na tisa. Wa tatu, wa nne, ishirini na tisa. Kila mwaka anabakiza usiku mmoja. Kwa nini?"

Nova hakujua. Alikuwa amedhani anawahi maharage yake, au ng'ombe. Walitoka barazani wote wawili kumuuliza.

Bi Arvilla alifuta mikono, akaingiza vidole kwenye mfuko wa aproni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Kwa mwili wake mzima, karatasi ile ndiyo iliyokuwa kavu. Bwana Fisk aliisoma kwa sauti. Ilimtaka mkaaji wa muda, Arvilla Tallent, kuondoka ndani ya siku thelathini. Siku ya thelathini asionekane mtu wala mnyama wala moto katika jiko.

"Siku ya thelathini ikifika, mimi huwa nimeshatoka," alisema Bi Arvilla.

"Bibi, barua hii ni ya mwaka arobaini na tatu."

"Imeandikwa siku thelathini. Haikuandikwa kwamba ni mara moja tu."

Bwana Fisk aliigeuza karatasi nyuma na mbele. Kweli haikuandikwa.

Bi Arvilla aliendelea kumenya maharage na kuwaeleza habari za Hobart Gunter, jirani yake, aliyebaki siku ya thelathini kwa sababu ng'ombe wake alikuwa na uchungu wa kuzaa. Saa nne asubuhi walikuja wanaume wawili, mmoja na debe la mafuta ya taa, mwenzake na ubao wa kuandikia. Walivua kofia, wakamsalimia mke wake, wakauliza kama ndani kuna mtu, kisha wakaichoma nyumba mkate ukiwa jikoni. "Watu wenye adabu kabisa," alisema. "Hobart mwenyewe alikiri, hajawahi kuona mtu anachoma nyumba kwa adabu vile."

Kabla ya kuondoka, Bwana Fisk aliwaeleza wazi ili pasiwe na kutoelewana. Bi Arvilla aliingia tarehe tatu. Akilala usiku wa tarehe moja Novemba, asubuhi ya tarehe mbili ni mkazi, na ile miaka minne ya nyuma itafutwa, na yeye Fisk ataandika cheti kwa mkono wake. Asipolala, Nova ataapa mstari wa nne kama wengine.

"Na nisipoapa?"

"Leseni ya nyumba inafungwa. Usipangishe mtu tena, awe hai, awe nani." Alifunga begi. "Mkate wako mtamu, Bi Tallent."

Wiki ile Nova hakumbembeleza bibi yake. Hakuwa na kipaji hicho. Kila asubuhi alipopeleka mayai alisema, "Tarehe moja hutoki, Bibi," kama mtu anayetangaza kituo kinachofuata.

"Wataichoma nyumba yako."

"Waje."

"Unasema waje kwa sababu hujawaona. Wanakuvulia kofia. Unajikuta unawapisha mlangoni."

"Mimi niliwahi kubeba watoto sitini wa darasa la saba, Bibi, Ijumaa ya kufunga shule. Sipishi mtu."

Tarehe moja Novemba ilikuwa Jumatano. Nova aliamka mapema, akachemsha birika kubwa la kahawa, akafagia baraza, akajaza ndoo tatu maji na kuzipanga kando ya ukuta. Aliweka kijitabu cha ushuru mezani, kalamu juu yake. Chumbani, Bi Arvilla alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda tangu alfajiri, kavaa viatu, sanduku magotini. Mara tatu alisimama. Mara tatu Nova alikohoa upande wa pili wa ukuta, naye akakaa.

Saa nne kamili walipanda kutoka ziwani. Walikuwa wawili, mmoja mrefu mwenye debe, mmoja mfupi mwenye ubao, suruali zimelowa hadi kiunoni. Walipofika ngazini walivua kofia.

"Habari ya asubuhi, mama," alisema mfupi. "Tumekuja kwa ajili ya siku ya thelathini."

"Mmeweka nafasi?"

Walitazamana. "Hapana, mama. Sisi ni wa kampuni."

"Kuingia ni saa kumi jioni," alisema Nova, akakionyesha kibao kupitia mlango wa kioo.

Walikisoma. Yule mrefu alikisoma mara mbili, akifuata maneno kwa kidole hewani. Walikuwa watu waliofanya kazi kwa karatasi maisha yao yote na baada ya hapo, na kilichoandikwa kwao kilikuwa kimeandikwa. Wakakaa kwenye ngazi, debe katikati yao, kofia magotini, wakasubiri.

Saa tano ikapita. Saa sita Nova aliwapelekea kahawa, wakashukuru, wakarudisha vikombe vikiwa safi. Yule mfupi aliuliza kama bado wanasali kwenye kanisa jeupe la mtoni. Nova akamwambia kanisa lipo chini ya maji, si wao ndio waliolifunika? Yule mtu akasema ah, ndiyo, samahani, siku hizi anasahau. Saa nane ikapita. Saa kumi kamili walisimama na kujipangusa.

Nova alifungua mlango, daftari la wageni mkononi.

"Kila anayeingia hapa anajiandikisha. Jina, mahali atokako, na hapa mwisho, mkazi au mpitaji."

Yule mfupi alishika kalamu, akaandika jina, akafika mwisho na kusita. "Sisi tunapita tu, mama. Tuko kikazi."

"Basi andika hivyo."

Akaandika mpitaji. Mwenzake naye akaandika mpitaji, kwa herufi kubwa, ulimi umetoka kidogo. Nova aliupuliza wino ukauke.

"Sasa tusome ukurasa wa ishirini na mbili," alisema, akafungua kijitabu cha ushuru na kuusoma yeye. "Mgeni asiyetoka ifikapo saa tano asubuhi anahesabika kuanza usiku mwingine. Bibi yangu hakutoka saa tano. Nyie wenyewe ni mashahidi, mlikuwa ngazini. Usiku wa thelathini umeshakuwa wake. Anayelala usiku thelathini ni mkazi, na mkazi hatolewi ila kwa amri ya mahakama. Amri mnayo?"

Mfupi alipekua karatasi za kwenye ubao. Nyingi zilikuwa zimegandana. "Tuna hii ya siku thelathini tu."

"Hiyo ni ya mkaaji wa muda. Hapa hayupo, labda nyie."

Yule mrefu, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, aliinua debe. "Na hili je?" aliuliza, kwa upole, kama anayeuliza aliweke wapi. Alilifungua na kuinamisha. Yakatoka maji ya ziwa, konokono mmoja, na samaki wawili wadogo wakarukaruka kwenye mbao za baraza. Alichungulia ndani. "Lilikuwa limejaa tulipopewa," alisema.

Nova aliwaokota samaki na kuwatia ndooni. Wanaume wale walivaa kofia, wakaomba radhi kwa usumbufu, wakasema wanakwenda kuulizia maelekezo. Wakashuka njia ya matope, mmoja nyuma ya mwingine, hadi maji yakawafika kiunoni, mabegani, kofiani.

Nova aliingia chumbani. Bi Arvilla alikuwa bado ameketi, vidole vimekaza mpini wa sanduku.

"Vua viatu, Bibi."

Bi Arvilla alitua sanduku sakafuni. Kisha akainama na kuanza kufungua kamba, taratibu, jicho moja mlangoni.

Asubuhi aliuliza ni tarehe ngapi, akaambiwa ya pili. Akatikisa kichwa, akaomba mayai mawili badala ya moja.

Cheti kilichukua siku tisa kufika, naye alikisubiri. Kilikuwa na muhuri wa jimbo, na Bwana Fisk alikuwa ameandika kwa mkono wake kama alivyoahidi. Jina: Arvilla Tallent. Hadhi: mkazi wa kudumu. Makazi ya awali: hayapo. Kikaratasi kidogo kilichobanwa pembeni kilieleza kwamba orodha ya miji na vijiji iliyomo kwenye mashine ya jimbo haina Tolliver, na kwamba amejaribu mara tatu, mara ya mwisho kwa kuandika pole pole.

Bi Arvilla alikisoma karibu na dirisha. "Yapo," alisema. "Nimeacha dirisha la jikoni wazi."

Alikikunja mara nne na kukitia kwenye mfuko wa aproni, pamoja na ile karatasi nyingine. Kesho yake, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, aliinua ndoo ya samaki, akaaga, akashuka nyumbani. Alikuwa na mtama wa kukamua. Nova aliandika katika daftari: usiku arobaini, mkazi. Chini kidogo palikuwa na majina ya wanaume wawili, nayo aliyajaza kwenye fomu, mstari wa nne, akaapa na kutia saini bila shida yoyote. Hawakulipa kitu, kwa hiyo ushuru wao ulikuwa sifuri.

Januari ilikuja barua nyingine. Ilisema kwamba kutokana na kipengele cha usiku thelathini kutumiwa kwa namna isiyokusudiwa, bunge la jimbo limekibadilisha. Mkazi sasa ni mtu aliyelala usiku tisini mfululizo. Chini, kwa kalamu: Pole sana, Bi Tallent. G. Fisk. Nova aliitundika barua jikoni kwa sumaku yenye umbo la basi.

Aprili kampuni ya bwawa iliyapandisha maji, kama kila mwaka, juu ya barabara, juu ya kinu, juu ya bomba la moshi la Bi Arvilla. Ilituma kipeperushi kwa nyumba zote za kando ya ziwa, chenye picha ya familia ndani ya boti, kuwatakia watu wote msimu mwema. Siku zisizo na upepo, Nova akikaa barazani, aliona uzi mwembamba wa moshi ukitoka katikati ya maji. Msimu ule aliongeza bei ya wikiendi na kununua taulo themanini na mbili. Hakumwambia mtu ni za nini.

Tarehe tatu Oktoba ilipofika tena, ilikuwa Alhamisi. Saa kumi kasorobo Nova alimaliza kutandika, akachungulia dirishani. Foleni ilianzia kwenye ngazi yake ya chini, ikapita lango, ikashuka hadi kwenye matope ambako barabara inaibuka. Walikuwa watu arobaini na mmoja. Kila mmoja alikuwa na sanduku, na kila mmoja alikuwa na kitu mkononi: asali ya mtama, tofaa zilizokaushwa, blanketi la viraka linalochuruzika. Hobart Gunter alikuwa na ndama begani. Hakuna aliyebisha hodi. Nyuma kabisa, hatua kumi kutoka kwa wengine, walisimama wanaume wawili wameshika kofia. Mfupi alikuwa na karatasi mpya kwenye ubao. Mrefu alikuwa na debe, na upepo ulipogeuka, harufu ya mafuta ya taa ilifika hadi dirishani.

Bi Arvilla alikuwa wa kwanza. Nova alifungua dirisha.

"Wamebadilisha, Bibi. Sasa ni tisini."

Bi Arvilla aligeuka akamnong'oneza aliye nyuma yake, naye akamnong'oneza wa nyuma yake, na neno likashuka kwenye foleni hadi matopeni. Nova alisubiri. Baada ya muda jibu lilipanda kwa njia ile ile, mdomo kwa mdomo, hadi kwa bibi yake.

"Wanauliza," alisema Bi Arvilla, "kwani sisi tuna haraka gani?"

Nova alichukua daftari jipya, akapiga mstari chini ya tarehe. Akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Akaenda mlangoni, akafungua.